Kupunguza Uzito: Tutegemee Dawa, au Chakula na Mazoezi?



Katika miaka ya karibuni swali moja limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika vikao vya afya vya parokia, na pia miongoni mwa wafadhili wetu: je, sindano mpya za kupunguza uzito zinazosifiwa sana Ulaya na Marekani zinaweza kuwasaidia wagonjwa wetu wa kisukari na shinikizo la damu hapa Tabora? Wengine huuliza kutoka upande wa pili: kama dawa ipo, kwa nini tuendelee kuwasumbua watu kwa mawaidha ya mboga na kutembea?

Makala haya yanajaribu kueleza jambo hili kwa lugha nyepesi ili kila kamati iweze kuamua kwa busara. Jibu letu kwa ufupi ni hili: dawa hizi ni za kweli na zina nguvu. Lakini hufanya kazi kwa muda ule tu zinapotumika, na hata zilipofanyiwa majaribio zilitolewa pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, si badala yake. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kamati iende kwenye vipimo, chakula na mwendo. Dawa ibaki mikononi mwa daktari, kwa mgonjwa anayeihitaji na mwenye uhakika wa kuipata mwezi hadi mwezi.

KIBABA CHA MPAGAZI

Mkoa wetu uko katikati ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, safari ya kilomita zipatazo 1,200. Karne ya 19 Wanyamwezi walijulikana pwani na bara kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa pauni 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili au kilo 30. Mpagazi alitembea nao saa nne, tano kwa siku, wiki nenda wiki rudi.

Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama gramu 700. Kwa hesabu za lishe, nafaka hiyo inampa mtu kalori zipatazo 2,400. Mwanamume mwenye mzigo wa namna ile alitumia zaidi ya kalori 3,000 kwa siku. Ndiyo maana wapagazi wengi walifika mwisho wa safari wakiwa wamekonda.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikabeba mizigo ile. Baadaye yakaja malori, mabasi, na sasa bodaboda. Hatuna sababu ya kutamani shida ya wapagazi irudi. Tunachotaka kionekane ni kwamba sahani haikupungua wakati mzigo ulipoondoka kichwani. Mama anayeshinda ameketi dukani mjini anahitaji kalori 2,000 au pungufu kwa siku, lakini mara nyingi anakula ugali wa mtu aliyetoka shamba, na juu yake chai yenye sukari nyingi, maandazi, chipsi na soda.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za taifa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2004–05 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28. Utafiti huohuo wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Matatizo haya mawili hukaa katika kata moja, na pengine katika nyumba moja. Kamati inayopanga fedha za afya haina budi kuyaona yote mawili.

TUNAJUAJE KWAMBA UZITO UMEZIDI?

Kipimo kinachotumika duniani ni kugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.60. Tunazidisha 1.60 kwa 1.60, tunapata 2.56. Tunagawa 84 kwa 2.56, tunapata 32.8. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ambao siku hizi huitwa pia kiribatumbo. Mama huyu wa mfano tutaendelea naye katika makala haya.

Njia rahisi zaidi ni futi ya fundi cherehani. Pima kiuno: kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Mama mwenye sentimita 160 kiuno chake kibaki chini ya 80. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na kongosho, ndiyo yenye uhusiano mkubwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mwili mkubwa peke yake si ugonjwa wa kumcheka mtu, wala si dhambi. Ni dalili ya kutufanya tupime sukari na shinikizo la damu.

DAWA HIZI HUFANYAJE KAZI?

Dawa za kupunguza uzito zina historia ndefu, na si yote ya kupendeza. Fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya kuonekana kuwa inaharibu vali za moyo. Sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Orlistati, ambayo huzuia sehemu ya mafuta ya chakula yasifyonzwe na utumbo, bado inatumika. Hupunguza uzito kidogo, na huleta choo chenye mafuta kinachomwaibisha mtu akila vyakula vya kukaanga.

Dawa mpya ni za namna nyingine. Tunapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii huliambia kongosho litoe insulini, hulifanya tumbo lishushe chakula polepole, na huuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Semaglutidi huiga homoni hiyo na kukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo mgonjwa huchoma sindano mara moja kwa wiki. Huuzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari na Wegovy kwa ajili ya uzito. Tirzepatidi, ijulikanayo kama Mounjaro, huiga homoni mbili kwa pamoja.

Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Pande zote mbili zilipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Mwaka 2023 jaribio jingine, la watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo, lilionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Haya si mambo madogo. Mtu asiwaambie wagonjwa kwamba dawa hizi ni uongo.

MIPAKA YA DAWA

Turudi kwa mama yetu wa kilo 84. Kwa wastani wa jaribio lile, sindano ingemshusha kilo 12 au 13 katika muda wa mwaka na miezi michache. Lakini watu waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano na ushauri walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Kwake hizo ni kilo nane hivi. Angekuwa karibu na 80 tena, na fedha zimeshatumika. Dawa hii inafanana na dawa ya shinikizo la damu: ukiiacha, tatizo hurudi. Anayeianza ajue anaanza safari ndefu.

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Machache lakini mazito zaidi ni mawe kwenye kifuko cha nyongo na kuvimba kongosho. Mjamzito asitumie, anayetarajia kupata mimba aache semaglutidi miezi miwili kabla. Mgonjwa anayetumia pia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Aidha, uzito unaopotea si mafuta matupu, misuli nayo hupungua. Kwa mzee hilo lina maana ya kuanguka na kuvunjika mfupa. Ndiyo sababu hata anayechoma sindano anahitaji maharage, dagaa, mayai na kazi ya mikono na miguu.

Halafu kuna bei. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021 bei yake iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Bei zimekuwa zikishuka, na zinatazamiwa kushuka zaidi kwa kuwa hataza ya semaglutidi katika nchi kama India na China hufikia ukomo wake mwaka 2026. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene uliokithiri na ugonjwa wa moyo au figo. Desemba 2025 likatoa mwongozo kuhusu unene uliokithiri: zinaweza kutumika kwa watu wazima kwa muda mrefu, pamoja na ushauri wa karibu wa chakula na mazoezi. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Kamati zijiandae kwa siku dawa hizi zitakapofikika, na maandalizi yenyewe ni yaleyale ya kupima na kufuatilia wagonjwa.

CHAKULA NA MAZOEZI HULETA NINI?

Hapa nasi tuseme ukweli wote. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Kuimaliza ni dakika tano. Kuiunguza mama yetu anahitaji kutembea haraka kama nusu saa. Uzito hushuka hasa kwa kupunguza kinachoingia mdomoni. Mazoezi yana kazi nyingine kubwa: hushusha sukari na shinikizo la damu, hulinda misuli, na huzuia uzito ulioondoka usirudi upesi.

Mwaka 2002 Marekani ulitangazwa utafiti uliolinganisha njia hizi waziwazi. Watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. La pili lilipewa vidonge vya metformini. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka mitatu, chakula na mazoezi vilikuwa vimepunguza wagonjwa wapya wa kisukari kwa asilimia 58, na metformini kwa asilimia 31. Baada ya miaka 15 faida ilikuwa bado ipo, asilimia 27 na 18, ingawa uzito wenyewe ulikuwa umerudi kwa sehemu kubwa.

Asilimia 7 kwa mama yetu ni kilo sita tu, kutoka 84 hadi 78. Hatakuwa mwembamba. Majirani huenda wasione tofauti. Lakini hatari yake ya kisukari itakuwa imepungua sana. Jambo hili lisisitizwe katika mafundisho yetu, kwani wengi hukata tamaa kwa sababu wanatazama kioo badala ya kutazama kipimo cha sukari.

Tukumbuke pia kwamba watu wale hawakuachiwa karatasi ya ushauri waende nayo nyumbani. Kila mmoja alikuwa na mshauri wake, na katika miezi sita ya mwanzo walikutana mara 16. Chakula na mazoezi bila mtu wa kukufuatilia huwa maneno matupu.

Hapa Tabora hatuhitaji vyakula vya kuagizwa. Mlenda, majani ya kunde, nsansa, maharage, karanga kwa kiasi, dagaa, na migebuka inayokuja kwa reli kutoka Kigoma, vyote ni vyakula vyetu. Kinachohitajika ni kubadili mgao wa sahani: nusu yake iwe mboga, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki au nyama. Ugali wa dona, mtama au uwele hushibisha muda mrefu kuliko sembe. Michembe na matobolwa ni viazi, hivyo vihesabiwe kama ugali, si kama kitafunwa cha nyongeza. Nayo asali yetu, ambayo ni fahari ya mkoa, ndani ya mwili ni sukari. Haimponyi mgonjwa wa kisukari, na kijiko chake kihesabiwe.

HOFU YA KUKONDA

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia katika nchi yetu, kukonda kulipata maana moja tu machoni pa majirani. Mtu akipungua kilo tano ananong'onwa. Akinenepa anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Wapo wanaoacha kupunguza uzito kwa sababu hiyo tu, na wapo wanaonunua vidonge vya kunenepesha kwa muuzaji yuleyule anayeuza majani ya kukondesha. Jumuiya inaweza kuvunja hofu hii kirahisi: watu wakipungua pamoja, kwa kundi linalojulikana, hakuna wa kunong'onwa. Hata hivyo, mtu anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, kiu kali au homa, asipongezwe. Apelekwe hospitali akapimwe kifua kikuu, kisukari na VVU.

Neno moja kuhusu mfungo. Kufunga ni ibada, si mpango wa kupunguza uzito. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asifunge bila kumwuliza daktari wake.

KWA WAFADHILI WETU

Baadhi yenu mna moyo wa kuleta dawa hizi katika mizigo yenu mnapotutembelea. Tunawashukuru kwa nia hiyo, lakini tunawaomba msifanye hivyo. Dawa za msaada hupitia vibali vya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziwe zimeombwa na anayezipokea, zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake. Kalamu za semaglutidi ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, joto la Tabora hupita nyuzi 30, na umeme hukatika. Zaidi ya hayo, sanduku moja la kalamu humpa mgonjwa mmoja miezi michache, kisha humrudisha alikotoka.

Pia kuna dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa zimepenya huko kwenye ukaguzi mkali, kamati isinunue kalamu kwa mtu wa mtandaoni. Majani na vidonge vya "asili" vya kukata tumbo navyo si salama. Katika nchi nyingi vimekutwa vimechanganywa na sibutramini ileile iliyoondolewa sokoni, na vingine ni dawa za kuharisha tu.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Ianze na vipimo. Mizani, futi, mashine ya shinikizo la damu na kipimo cha sukari. Bajeti ihesabu vijiti vya kupimia sukari, kwani mashine bila vijiti hukaa kabatini.

2. Iwe na daftari. Kila mshiriki apimwe kiuno, uzito na shinikizo la damu mara moja kwa mwezi, na siri yake itunzwe.

3. Iunde makundi ya kutembea mjini, nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mkulima anayelima kwa jembe hahitaji kundi hili. Mwalimu, mfanyabiashara na karani wanalihitaji.

4. Itazame chakula cha mikutano yake. Ni vigumu kufundisha habari za sukari huku kila kikao kikifungwa kwa soda na maandazi. Maji, maembe kwa msimu wake na karanga chache vinatosha.

5. Itoe rufaa mapema. Mwenye kipimo cha 30 au zaidi pamoja na kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aonwe na daktari, Kitete au katika hospitali za mashirika ya dini kama Ndala, Nkinga na Sikonge. Daktari akimwandikia dawa, jumuiya isimwone kuwa mvivu. Imsaidie kuitumia ipasavyo, na isimwambie aiache.

6. Kabla ya kuchangia dawa ya uzito kwa mtu yeyote, ijiulize: mwezi wa kumi na tatu ataipata wapi? Kama jibu halipo, fedha hiyo itawafaa zaidi wagonjwa wengi kwa metformini, dawa za shinikizo la damu na vijiti vya sukari.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Uzito wetu ulikuja kwa njia hiyo, kijiko kimoja cha sukari na kiti kimoja cha bodaboda kwa wakati, na utaondoka kwa njia hiyohiyo. Tunazikaribisha kamati kuleta takwimu za daftari zao katika kikao cha robo mwaka ijayo, ili tuone pamoja ni wangapi wamepimwa, ni wangapi wamepungua hizo kilo sita, na ni wangapi wanahitaji kupelekwa kwa daktari.